Kijana wa miaka 14 akianza kuitwa Yamal, nini hasa kinaendelea?

Jumapili ya juzi nilikuwa Camp Toyoyo, uwanja wa mtaa wa Jericho hapa Nairobi, kuangalia mechi ya watoto wa chini ya miaka 15, na nyuma ya goli kulikuwa na watu wazima kama thelathini wameinua simu. Hawakuwa wanarekodi mechi, walikuwa wanamrekodi mtoto mmoja. Ni winga wa kulia, mguu wake ni wa kushoto, ana miaka 14, jezi inamfika karibu na magoti na soksi ameshusha mpaka kwa kifundo. Akigusa mpira unasikia "Yamal! Yamal!", jina la Lamine Yamal, yule winga kijana wa Barcelona na Hispania, na mpira ukitoka kwake simu zinashuka zote pamoja. Klipu yake moja imezunguka kwa magrupu ya WhatsApp ya mtaa wetu mpaka mimi mwenyewe nimetumiwa mara nne na watu tofauti, na maneno chini yake ni yale yale, huyu apelekwe Ulaya haraka, wanangoja nini, Yamal mwenyewe alianza na miaka 15.

Mamake ni jirani yangu. Jioni hio alinipata kwa ngazi za ploti, ndoo ya maji bado iko mkononi.

"Baba Brayo, wewe ndo unafuatilia mpira. Hawa watu wananiambia mtoto anachelewa. Anachelewa wapi na ako na miaka kumi na nne?"

Sikuwa na jibu fupi la kumpa pale kwa ngazi. Na swali lake ndo linazunguka kila mahali mpira unapoongelewa Nairobi, kwa kinyozi, kwa matatu, kwa vibanda vya kuonyesha mechi za Ulaya, na nadhani tunabishana sana kwa sababu tunachukua vitu vitatu tofauti tunaviita jina moja. Kwa hivyo wacha nianze na maneno.

Kuonekana, kuvuma na kukua

Chipukizi, au kipaji cha mapema, ni mchezaji ambaye uwezo wake umewapita watoto wa rika lake. Shika hapo, wa rika lake. Hio ni sifa ya leo ukimlinganisha na wenzake wa leo, haisemi chochote kuhusu atakavyokuwa akifika 24 akikutana na watu wazima ambao pia wao walikuwa vipaji kwa mitaa yao.

Kuonekana ni ile mechi ya kwanza anayochezea timu ya wakubwa. Kuvuma ni sifa zake kukimbia mbele yake, klipu, vichwa vya habari, kupewa jina la mtu mwingine maarufu. Kukua ni kazi nyingine kabisa, ni ile miaka mingi ya mazoezi, mapumziko, chakula, shule, makosa na kurudia, na mara nyingi hakuna mtu anairekodi.

Ukienda soko la Marikiti unajua ndizi zilizowekewa dawa ziive. Nje ni za manjano safi, unalipa ukifurahi, ukifika nyumbani ukimenya unapata ndani bado ni ngumu na haina utamu. Ndizi haikuwa na shida yoyote. Iliharakishwa na mtu aliyetaka kuuza Jumatatu badala ya Ijumaa. Nikiona mtoto anavumishwa hua nafikiria hio ndizi, kwa sababu kuna mtu mahali ana haraka, na mara nyingi huyo mtu si mtoto.

Kuonekana hakumaanishi amefika

Mashabiki wa Arsenal mnakumbuka tarehe 18 Septemba 2022, mechi na Brentford. Timu inaongoza 3-0, dakika za nyongeza, anaingia Ethan Nwaneri akiwa na miaka 15 na siku 181, na hapo hapo akawa mchezaji mdogo zaidi kuwahi kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Siku hio mtandaoni ilikuwa ni kama amechukua Ballon d'Or, ile tuzo ya mchezaji bora wa dunia. Halafu? Hakuonekana tena kwa mechi ya ligi mpaka Februari 2024. Mwaka mmoja na miezi kadhaa. Hakuwa amepotea, alirudishwa kwa timu za vijana akaendelea kucheza na kusoma na kuongeza mwili, na msimu wa 2024/25 ndo akaanza kupewa dakika za maana. Zile dakika chache za Brentford zilikuwa tu za kuonekana, kukua kulifanyika kwa hio miezi ambayo hakuna aliyekuwa anamwongelea.

Na huyu Lamine Yamal mwenyewe ambaye anatumika kama kiboko cha kuwachapia watoto wetu. Ni kweli alichezea Barcelona kwa mara ya kwanza tarehe 29 Aprili 2023 dhidi ya Real Betis, akiwa na miaka 15 na siku 290. Ni kweli alifunga lile goli dhidi ya Ufaransa kwa nusu fainali ya Euro 2024, lile kombe la mataifa ya Ulaya, akiwa bado ana 16, na siku moja baada ya kutimiza 17 akashinda fainali na Hispania. Lakini watu wanaanza kuhesabu kutoka 2023. Mtoto huyo aliingia akademi ya Barcelona, La Masia, mwaka wa 2014 akiwa na miaka 7. Kwa hivyo alipoingia dhidi ya Betis alikuwa amefundishwa kila wiki kwa karibu miaka tisa, na makocha wanaolipwa, kwa uwanja mzuri, daktari yuko, chakula kiko, shule iko. Na msimu huo aliochezeshwa, mechi ya ligi aliyocheza ni hio moja tu. Kwa ile Euro alibeba vitabu vya shule akifanya homuweki kwa kambi ya timu. Sasa ukimwambia mtoto wa Jericho anayefanya mazoezi mara mbili kwa wiki na mpira uliochujuka kwamba amechelewa, unamlinganisha na nini hasa? Mnalinganisha miaka tisa ya kazi na klipu ya sekunde kumi na tano.

Freddy Adu

Kuna hadithi moja ningetaka kila mzazi wa mtoto mwenye kipaji aijue. Freddy Adu alizaliwa Tema, Ghana, mwaka wa 1989, familia ikahamia Marekani akiwa mdogo. Akiwa na miaka 14 alichaguliwa wa kwanza kabisa kwenye uteuzi wa wachezaji wapya wa ligi ya Marekani wa 2004 na D.C. United, na Aprili mwaka huo akacheza mechi yake ya kwanza. Miaka 14! Ligi ile ilikuwa bado changa, inatafuta watu wa kujaza viwanja, na ghafla imepata mtoto wa kuwekwa kwa kila bango. Akalipwa mshahara mkubwa kuliko wachezaji wengine wote wa ligi, akatoka kwa tangazo la soda pamoja na Pelé, na kila mahali akaitwa Pelé mpya.

Hakuwa mchezaji mbaya, na hapo ndo mimi huumia. Alikuwa na mguu mzuri kweli kweli. Lakini alikuwa bado hajamaliza kukua na tayari alikuwa anatakiwa kujaza viwanja, na kocha anayetaka kushinda mechi ya Jumamosi hana muda wa kumfundisha mtoto kukaba. Mwaka wa 2007 akaenda Benfica ya Ureno, na kutoka hapo ikawa ni mikopo, yaani kuazimwa kwa timu nyingine, na kuhama, Monaco, Belenenses, Aris ya Ugiriki, Rizespor ya Uturuki, kisha Marekani tena, Brazil, Serbia, Finland. Alipofika umri ambao wachezaji wengi ndo wanaanza kung'ara, yeye alikuwa tayari anaongelewa kama mtu wa zamani.

Rekodi yake ya kuwa mdogo zaidi kwenye ligi hio ilikaa miaka ishirini, mpaka Julai 2024 Cavan Sullivan wa Philadelphia Union alipoivunja akiwa na miaka 14 na siku 293. Tofauti moja ninayoiona ni kwamba huyu wa pili hakubebeshwa ligi nzima. Ndo kwanza anaanza, na wacha aanze.

Mwili una ratiba yake

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo mahali tunawaumiza watoto bila kujua.

Ukiweka watoto wa chini ya miaka 12 pamoja, kuna aliyezaliwa Januari na kuna aliyezaliwa Disemba mwaka huo huo. Kwa karatasi ni rika moja. Lakini miezi kumi na moja kwa mtoto wa miaka 11 ni sehemu kubwa ya maisha yake, huyu wa Januari ni mrefu, anakimbia kwa nguvu, amekula ugali wa karibu mwaka mzima zaidi. Kocha anamchagua. Akishachaguliwa anapata mazoezi mazuri, anapata mechi ngumu, anakuwa mzuri kweli, na yule wa Disemba anaambiwa arudi nyumbani. Imechunguzwa kwa nchi nyingi na kwa michezo mingi, na kila mara wale wa miezi ya kwanza ya mwaka wa mashindano wanajaa kwa akademi kuliko wanavyostahili kwa hesabu. Ongeza hapo kubalehe. Kuna kijana wa 13 ana ndevu na sauti nzito na kuna wa 13 bado anaonekana wa darasa la nne, na mifupa yao inaweza kupishana ukomavu kwa miaka. Huyo wa kwanza anatawala mechi kwa sababu ya kifua, halafu wenzake wakimfikia akiwa 17 unasikia "huyu alipotelea wapi?" Hakupotea, wenzake ndo wamefika. Ndo maana Uingereza vilabu vingine vimejaribu kuwapanga vijana kwa ukomavu wa mwili badala ya tarehe ya kuzaliwa, ili mkubwa ajue kucheza bila kutegemea nguvu na mdogo apate nafasi ya kuonyesha akili.

Na sisi hapa tuna lile letu la kukata umri. Tunalijua. Mtu ana 19, cheti kinasema 16, anaitwa chipukizi. FIFA walianza kutumia picha za MRI za kifundo cha mkono kwa Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 mwaka wa 2009, kwa sababu mfupa ule ukishaungana kabisa inaonyesha karibu bila shaka kwamba kijana amepita umri huo. Watu huongea kama kukata umri ni ujanja tu wa kujitafutia. Lakini kila anayekata umri amekalia kiti cha mtoto halisi wa miaka 15, ambaye sasa atalinganishwa na mwanaume mzima na kuambiwa hana kitu.

Halafu kuna mzigo. Mtoto anayekua, mifupa yake kwenye ncha ina sehemu laini, hapo ndo inarefukia. Kipindi kile anarefuka haraka, wavulana wengi ni karibu na miaka 13 au 14, misuli inavutwa kama kamba fupi iliyofungwa kwa nguzo ndefu, na ndo unasikia analalamika goti chini ya kikombe au kisigino. Wengi wetu tunamwambia avumilie, ni uanaume. Wacha niseme kwa mfano wa Nairobi. Fundi akimwaga zege la slabu, lazima uliachie siku zake, ulimwagilie maji, usiondoe mbao mapema. Mwenye nyumba akiwa na haraka ya wapangaji anaondoa mbao na kupandisha ghorofa nyingine juu yake. Siku hio hakianguki kitu. Nyufa zinakuja baadaye, na sisi wa mji huu tunajua vile inaisha. Goti la mtoto wa miaka 14 ni zege ambalo halijakauka.

Hata vilabu vikubwa vinakosea hapa. Pedri wa Barcelona, msimu wa 2020/21 akiwa kijana wa miaka 18, alicheza mechi 73 ukihesabu klabu, Euro na Olimpiki, halafu msimu uliofuata paja likaanza kumsumbua na akakosa mechi nyingi. Ansu Fati alianza Barcelona akiwa na 16 mwaka wa 2019, akaumia goti Novemba 2020 akiwa 18, akafanyiwa upasuaji zaidi ya mara moja, na katikati ya kuuguza goti akapewa jezi namba 10 ya Messi. Michael Owen paja lilichanika Aprili 1999 akiwa 19, na ingawa alishinda Ballon d'Or 2001, ile kasi yake ya kwanza haikurudi vile ilikuwa. Na Yamal pia, msimu wake wa kwanza kamili alicheza mechi 50 za Barcelona akiwa na miaka 16, na mwaka wa 2025 akasumbuliwa na maumivu ya kinena. Sisemi atavunjika, namtakia kila la heri, nasema tu kwamba hata mfano wenyewe mnaoutumia bado haujaisha.

Na kichwa pia

Bojan Krkić. Watu wa umri wangu mnamkumbuka. Aliingia timu ya wakubwa ya Barcelona 2007 akiwa na 17, akavunja rekodi za umri za Messi, kila mtu akamwita Messi mpya. Mwaka wa 2008 aliitwa timu ya taifa ya Hispania na siku ya mechi na Ufaransa akapatwa na shambulio la hofu, mwili unatetemeka, kizunguzungu. Umma uliambiwa ni tumbo. Hakwenda Euro ya mwaka huo, na watu wakasema amekataa nchi, anaringa. Ilimchukua miaka mingi kusema wazi kwamba ilikuwa ni wasiwasi mkali na kwamba hakuna aliyetaka kuuongelea.

Namfikiria sana nikiona mtoto wa 14 anasoma maoni mia mbili chini ya klipu yake. Hata yakiwa ya sifa. Sifa inakuwa deni, Jumapili ijayo lazima alipe, akipoteza mpira mara tatu watu wale wale wanasema ameanza kiburi. Mtoto wa jirani yangu sahi hapigi pasi tena. Nilimwangalia Toyoyo dakika arobaini, mara sita alikuwa na mwenzake peke yake mbele ya goli na mara sita akajaribu kupiga chenga difenda wa pili, kwa sababu simu zimeinuliwa kwa ajili ya chenga. Hakuna mtu anarekodi pasi.

"Akienda Ulaya mapema ndo anatoka"

Hii ndo imani kubwa kuliko zote na ndo inaleta hasara ya pesa. Sheria ya FIFA, kifungu cha 19 cha kanuni za uhamisho, inakataza mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhama kutoka nchi moja kwenda nyingine kuchezea klabu. Kuna milango michache, kama wazazi wamehama kwa sababu zisizohusu mpira, au ni ndani ya Umoja wa Ulaya kuanzia miaka 16, au ni watu wanaoishi karibu na mpaka. Mtoto wa Jericho haingii kwa hio milango kirahisi. Barcelona yenyewe ilipatikana na makosa ya kusajili watoto wa kigeni, ikafungiwa kununua wachezaji mwaka mzima wa 2015. Real Madrid walikubaliana na Palmeiras kuhusu Endrick Disemba 2022 na pesa ilikuwepo, lakini ilibidi wangoje mpaka Julai 2024 alipotimiza 18. Kama Real Madrid walingoja, huyo ajenti wa Buruburu ana njia gani?

Kwa sababu ajenti alishakuja. Alimwambia jirani yangu atafute shilingi 150,000 za "majaribio" na viza, haraka, nafasi zinaisha Ijumaa. Nilimwambia mama asitoe hata elfu moja. Ajenti wa kweli ana leseni ya FIFA na analipwa komisheni kutoka kwa mkataba uliosainiwa, na klabu inayomtaka mtoto kweli ndo inagharamia. Mtu akikuharakisha kuhusu mtoto wako na mkono umenyooshwa, hapo tayari una jibu lako.

Na waliofika, walifikaje? Victor Wanyama, mtoto wa Muthurwa, alipanda ngazi moja moja, Beerschot ya Ubelgiji, Celtic 2011, Southampton 2013, Tottenham 2016, na kila mahali alikaa mpaka akawa anacheza kila wiki ndo akasonga. Michael Olunga akiwa na miaka 20 hakuwa Ulaya, alikuwa Thika United. Alikuwa pia anasoma uhandisi Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya. Akaja Gor Mahia 2015, akafunga, akaenda Sweden, China, Hispania, Japani, na Novemba 2019 akafunga mabao 8 kwa mechi moja akiwa na Kashiwa Reysol, mwaka uliofuata akamaliza na mabao 28 na kuwa mchezaji bora wa ligi ya Japani. Hakuna mtu alimwita Messi wa chochote akiwa na 14. Jamie Vardy aliachwa na Sheffield Wednesday akiwa 16 na akacheza ligi za chini kabisa kabla ya kuwa bingwa wa Uingereza na Leicester 2016.

Hata yule ambaye alikwenda mapema, Martin Ødegaard, ukimwangalia vizuri utaona ngazi hizo hizo. Real Madrid walimchukua Januari 2015 akiwa 16, dunia nzima ikapiga kelele, halafu akatumwa kwa mkopo Heerenveen, Vitesse, Real Sociedad, Arsenal. Wengi walicheka wakasema ameshindwa. Mkopo si kutupwa. Ni kama fundi wa gari anayempeleka kijana wake garaji nyingine yenye kazi nyingi, badala ya kumwacha kwake anashika tochi tu. Alifika kuwa kapteni wa Arsenal 2022, baada ya miaka saba ya kuzunguka.

Karatasi

Kitu cha mwisho nilichomwambia Mama, na hiki hakina utamu wa kuongelea kwa kibanda. Mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja hadi nyingine, asilimia 5 ya pesa inagawiwa timu zilizomlea kuanzia mwaka wake wa 12 mpaka 23. Miaka ya 12 hadi 15 kila mmoja ni robo ya asilimia. Chukua mfano mchezaji ameuzwa euro milioni 10, timu iliyomlea miaka hio minne inapata euro 100,000, kwa hesabu ya haraka ni kama milioni kumi na tano za Kenya. Kwa mauzo mamoja tu. Hio inaweza kununulia timu ya mtaa mipira na viatu miaka mingi, na kumlipa kocha ambaye sahi anatoa nauli mfukoni. Lakini inalipwa tu kama mtoto alisajiliwa rasmi na shirikisho akiwa na timu hio, kila msimu, kwa jina na tarehe ya kuzaliwa iliyo sawa. Timu zetu nyingi za mtaa hazisajili. Vijana wanalelewa miaka sita, wanaondoka, na kwa karatasi ni kama hawakuwahi kupita Jericho. Cheti kikikatwa umri pia, hesabu yote inaharibika.

Tena mkataba wa mchezaji wa chini ya miaka 18 hauwezi kuzidi miaka mitatu kwa kanuni za FIFA. Mtu akikuletea karatasi ya miaka kumi "ya usimamizi" usiisaini, mpelekee mwalimu au wakili aisome kwanza.

Nilienda kumwona kocha wake Jumanne. Ni mzee wa hapa hapa, hajawahi kutokea kwa klipu yoyote. Ana daftari la hesabu la kurasa 96, lile la miraba, na ndani yake kila mtoto ana ukurasa. Alinionyesha ukurasa wa "Yamal". Jumamosi asubuhi dakika 60, mechi ya shule. Jumamosi jioni 70. Jumapili 80 Toyoyo. Jumatano 60. Jumamosi tena dakika 90, na hizo za mwisho ameziandika kwa kalamu nyekundu kwa sababu kijana aliitwa na timu ya wakubwa ya mtaa jirani bila yeye kuambiwa. Mechi tano kwa siku nane. Chini yake ameandika, goti la kushoto, anachechemea akishuka ngazi.

Kwa hivyo wiki hii hachezi. Kocha alishaongea na mwalimu wa michezo wa shule, na ile timu ya wakubwa imeambiwa hapana mpaka afike 16. Jumapili nitakuwa Toyoyo na naomba wale wenye simu wasikasirike, mtakuta kijana ameketi kwa benchi na vitabu vyake, mamake ameshaenda kutafuta nakala ya cheti cha kuzaliwa ili asajiliwe vizuri msimu huu, na kwa winga ya kulia atacheza mtoto mwingine, mdogo mdogo hivi, wa Disemba, ambaye hamjawahi kumrekodi.